Mwaka Ambao Madiwani Hawakwenda Tanga

Siku ya kuniaga mlinipa jiko la mafuta, kanga doti mbili, na hotuba ndefu iliyonisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya. Nashukuru kwa vyote. Baadaye ninyi vijana wa ofisi ya vikao mlinifuata pembeni mkaniuliza jambo la maana zaidi: bajeti ya halmashauri inapitishwaje hasa, maana waraka mnaousoma unasema hivi na mnayoyaona yanakuwa vile. Nimeshapalilia mahindi, mvua imetulia, sasa nakaa niwaandikie. Vyeo nilivyopanda sitavihesabu, na mshahara mnaujua, ni uleule wenu. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, kisha nitawasimulia mwaka mmoja ambao ninaukumbuka kuliko mingine yote.

Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Masista walinifundisha kusoma, nami nikawafundisha watoto wa darasa la kwanza pale misheni kwa miaka kadhaa kabla ya kuolewa. Mume wangu alikuwa karani wa pamba, akahamishiwa mji huu ulio kwenye njia ya kutoka Kahama kwenda Geita. Jina la mji sitalitaja. Waliokuwapo wataujua, na wasiokuwapo hawatapungukiwa na kitu. Nilijifunza kupiga taipu kwenye mashine ya misheni iliyokuwa haina herufi Q, upungufu ambao Kiswahili hakikuuhisi, na katikati ya miaka ya sitini halmashauri ikaniajiri.

Siku yangu ya kwanza iliangukia majira ya makisio. Karani mkuu wa vikao alikuwa Mzee Mbonea, mtu wa Upare, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia ambalo sikuwahi kumwona bila hilo, hata mwezi wa kumi jua linapopasua ardhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikabidhi rundo la karatasi za mwandiko wa mkono na boksi la stensili.

"Mwanangu, hii ndiyo bajeti," alisema. "Ikitoka kwako na makosa, madiwani watagombana kwa ajili ya kidole chako."

Kwa ninyi mliozoea mashine za kunakili, stensili ni karatasi laini yenye nta. Unatoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zinakata nta zenyewe, halafu unaivisha stensili kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha kwa mkono. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu ya kufutia yenye harufu kama rangi ya kucha, unaipuliza ikauke, unapiga upya. Ukiipuliza sana unapata kizunguzungu, na mwenye kizunguzungu anakosea tena. Jioni ile nilirudi nyumbani na wino hadi kwenye viwiko, mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa ofisini au gereji.

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilinishangaza. Nilidhani bajeti ni hesabu. Asubuhi nzima madiwani walibishana kama baiskeli inayompeleka mke kliniki itozwe ada sawa na baiskeli inayobeba gunia la mpunga. Mmoja alisimama akisema kwamba yeye baiskeli yake hubeba vyote viwili kwa pamoja, je, atalipa mara mbili? Walisema Kiswahili hadi walipokasirika, kisha wakahamia Kisukuma. Mzee Mbonea aliandika: "Suala la ada ya baiskeli lilijadiliwa kwa kirefu." Basi.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika maneno yao. Akasema, "Naandika walichoamua na sababu ya kuamua. Hasira zao watarudi nazo nyumbani, si mali ya halmashauri."

Ni yeye aliyenionesha njia ya bajeti, na njia hiyo haijabadilika sana hadi leo. Kila idara inaleta makisio yake, na kila idara inaomba kama vile zingine hazipo. Kamati ya Fedha inakaa na kupunguza. Muhtasari unabandikwa ubaoni ili wakazi wauone. Kisha madiwani wote wanakaa katika kikao cha wazi, wanapitia ukurasa kwa ukurasa, wanapiga kura. Hata hapo bado. Kitabu kinapelekwa juu kuidhinishwa, na kabla hakijarudi na muhuri, hata msumari haununuliwi. Lakini alilolirudia mara nyingi kuliko yote ni kwamba diwani anayetaka kuongeza kitu kwenye kikao aseme kinatolewa wapi. "Kuongeza kila mtu anaweza," alisema. "Waulize wanatoa wapi, utaona watakavyoketi."

Mwanzoni mwa miaka ya sabini halmashauri zilivunjwa. Ilisemwa kazi zake zingefanywa vizuri zaidi mkoani. Mzee Mbonea alistaafu akarudi Upare na koti lake, nami nikahamishiwa Shinyanga. Huko nilipiga taipu mipango mizuri ya vijiji ambavyo sikuvifahamu, kwa ajili ya watu ambao sikuwaona. Kazi haikuwa mbaya na wenzangu walikuwa wema. Ila hakukuwa na mtu wa kugombania baiskeli, na sikuwahi kufikiri kwamba ningekosa kelele zile. Mume wangu alifariki tukiwa huko. Nikabaki na wanangu watatu, Yustina akiwa mkubwa wao.

Halmashauri ziliporudishwa, nilirudishwa nami, safari hii kama karani wa vikao. Ukumbi wetu wa zamani niliukuta umegeuzwa ghala la mbolea na mbegu za pamba, na mwenye funguo za kuyaondoa hayo hakupatikana. Ikabidi madiwani wapya wakutane kwenye banda la zamani la kupimia pamba, pembeni mwa soko, chini ya mabati matupu. Mkurugenzi alikuwa kijana ambaye ndiyo kwanza ametoka chuoni, mpole, mwenye sheria kichwani na hofu kidogo usoni. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mfanyabiashara wa mabasi, mtu wa sauti kubwa, asiyependa kusubiri. Na mwenyekiti wa Kamati ya Fedha alikuwa Mzee Luhende, mfugaji mwenye ng'ombe wengi upande wa mbugani, mzee mnene wa maneno machache. Akikohoa, kikao kinanyamaza.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe.

Ilikuwa bajeti yetu ya pili tangu halmashauri irudi. Tulikuwa tumepewa kikomo, na maombi ya idara yalikipita mbali, kwa hiyo Kamati ya Fedha ilikaa kukata. Walikata taa, walikata rangi ya ofisi, hilo halikumuumiza mtu. Halafu wakafika kwenye choo cha soko.

Soko letu halikuwa na choo. Wauzaji, wengi wao wanawake, walikuwa wanakwenda nyuma ya ua wa minyaa uliokuwa upande wa juu wa soko. Masika ya mwaka uliotangulia kipindupindu kilituingilia, soko likafungwa, na tulizika watu. Bwana afya ndiye aliyeomba choo. Mzee Luhende aliusoma mstari ule, akakohoa.

"Kingoje mwakani," alisema. "Soko limekaa bila choo tangu lianze na watu wanauza."

Hakuna aliyepinga. Mstari uliofuata ulikuwa safari ya mafunzo ya madiwani kwenda Tanga. Huo haukuguswa. Mafunzo yenyewe, nilipiga taipu kwa mkono wangu huu, yalikuwa ya usafi wa mji.

Nikabandika muhtasari kwenye ubao wa lango la soko. Nilikuwa bado nakaza pini ya mwisho, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mwangaluka, Mama Yustina."

"Mwangaluka, Mama Shija."

Mama Shija aliuza wali na maharage karibu na lango. Watumishi wengi wa halmashauri tulikula kwake, wengine kwa mkopo. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima na akaisoma vizuri. Alisogeza uso kwenye karatasi.

"Hii ya halmashauli inasemaje? Herufi naziona, ila hazinijibu."

Nikamweleza. Nilimwambia ushuru wa meza utapanda kidogo.

"Upande uende wapi?"

Nikamsomea: dawa za zahanati, mishahara, matengenezo ya barabara, safari ya mafunzo.

"Mafunzo ya nini?"

"Usafi wa mji."

Alipitisha kidole kwenye karatasi. "Na kile choo alichotuahidi bwana afya?"

"Kimeondolewa, Mama Shija."

Wifi yake alikuwa mmoja wa tuliowazika. Walikuwa wakiuza pamoja, sufuria la huyu kando ya sufuria la yule. Aliitazama meza ya marehemu, ambayo alikuwa hajampa mtu mwingine.

"Sisi tunakwenda kule juu kwenye minyaa," alisema. "Mvua ikinyesha, ya kule kwenye minyaa yanatufuata hapa kwenye masufuria. Anayetaka kulisema hili anakwenda wapi?"

Nikamwambia kweli kama ilivyo. Kikao ni cha wazi. Mwananchi haruhusiwi kusema, ila kuingia na kusikiliza anaruhusiwa.

"Kusikiliza tu?"

"Kusikiliza tu."

"Basi tutakuja kusikiliza."

Baada ya hapo, kila nilipopita langoni kulikuwa na mtu wa kuniuliza juu ya karatasi ile. Muuza dagaa aliuliza, fundi baiskeli aliuliza, wachimba dhahabu waliokuja mjini kununua unga nao waliuliza, ingawa wao shida yao ilikuwa kujua kama ushuru utawafuata porini. Nilisoma na kueleza, sikuongeza neno. Ila mji ni mdogo. Mwenyekiti wa halmashauri akaniita.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mkurugenzi, na Mkurugenzi amesimama dirishani.

"Nasikia umefungua shule sokoni," alisema Mwenyekiti.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Nimebandika tangazo kama kila mwaka."

"Kubandika ni kazi yako. Nani alikutuma kuhubiri?"

"Tangazo linabandikwa ili lisomwe. Walioniuliza maana yake nimewaeleza."

"Unawachochea watu. Ukitaka siasa, gombea udiwani tukutane huko." Akamgeukia Mkurugenzi. "Kuna ofisi ndogo kule machimboni haina karani. Baada ya kikao hiki, huyu mama aende huko akawasomee wachimbaji."

Nilitoka nikiwafikiria wanangu. Kule machimboni wakati ule hakukuwa na sekondari, na nilikuwa na watoto wawili wanasoma. Nilifika mezani kwangu nikaketi bila kufanya kitu, nikiitazama taipureta. Mkurugenzi alinifuata, akafunga mlango.

"Mama, shikamoo," alisema, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi ofisini.

"Marahaba, mwanangu."

"Sheria inasema kikao cha bajeti ni cha wazi. Wakija, sitamruhusu mtu awafukuze. Hilo naliweza." Akakuna shavu. "Hilo la uhamisho, tuombe Mungu."

Haikuwa ahadi kubwa, lakini nilimwona amekua kidogo pale mlangoni.

Siku ya kikao mvua ilianza asubuhi. Ninyi mliokulia huku mnajua mvua yetu. Miezi inapita tunaitamani, ikija haina adabu. Mabati ya lile banda yalilia hadi madiwani wakawa wanaongea kwa kupiga kelele. Tulipokwisha kuomba dua na kuhakikisha akidi, mlango ukafunguliwa na kina mama wakaanza kuingia, kanga kichwani, miguu imejaa matope. Mama Shija alikuwa mbele. Viti vya wananchi, ambavyo kila mwaka nilivipanga na kila mwaka vilikaa vitupu, vilijaa, na waliokosa wakatandika magunia sakafuni.

"Ninyi mmefuata nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kusikiliza, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Mama Shija.

Mwenyekiti akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akainua kitabu cha sheria kidogo tu, kama mtu anayeinua kikombe. "Wanaruhusiwa," alisema. Sauti ilimkatika katikati, lakini ilisikika.

Tukaanza. Ukurasa kwa ukurasa, mapato kwanza. Nimehudhuria vikao vingi, sijaona tena madiwani wakisoma kwa makini namna ile. Hata wale ambao kwa kawaida walifungua kitabu siku hiyohiyo walikuwa wanafuatisha mistari kwa kidole. Kina mama hawakunong'ona. Walisikiliza kama walivyosema.

Mapumziko ya chai yalipofika, mvua ilikuwa haijapungua. Madiwani wakanywa chai ya maziwa ya Mama Shija mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa na zabuni. Na chai ile, kwa asubuhi ndefu na yenye baridi, ilifanya kazi yake. Banda lilikuwa na choo zamani. Kilidondoka ukuta miaka ile halmashauri zilipokuwa zimevunjwa, kikaachwa. Madiwani vijana waliinua suruali wakakimbilia kwenye minyaa. Walirudi viatu vimekuwa vizito, kila mmoja akitazama chini kana kwamba anatafuta sarafu.

Mzee Luhende alikuja mlangoni nilipokuwa nimesimama. Alikuwa na kisukari, na goti lake moja lilikuwa halikunjiki vizuri.

"Mama Yustina," alisema kwa sauti ya chini, "hapa watu huenda wapi?"

Nikasema, "Mzee, hapa hakuna."

Aliitazama mvua, akautazama mteremko wa kwenda kwenye minyaa, unaong'aa kwa utelezi. Niliona jasho limemtoka kwenye paji la uso na baridi yote ile. Wakati huo Mama Shija akainuka kutoka kwenye gunia lake. Nikaogopa. Nilidhani sasa atasema, na angesema nini, nani angemlaumu?

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Twende nikupeleke kwa jirani yangu, nyuma ya kinu cha unga. Kwenye minyaa si mahali pa mzee."

Akafungua mwavuli, akamfunika yeye, mwenyewe akabaki nje ya mwavuli, akamshika mkono. Waliondoka polepole. Nilitazama nyuma kwa kina mama. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogeza magunia ili mzee akirudi apite pakavu.

Walikawia. Mwenyekiti alitaka kuendelea, lakini Mkurugenzi akamkumbusha kwamba mwenye hoja za Kamati ya Fedha hayupo, tukangoja. Baadaye Mama Shija alinisimulia yaliyokuwa njiani. Wakati wa kurudi mzee alisimama chini ya upenu wa kinu akamuuliza, "Ninyi huwa mnakuja hadi huku?"

"Huku tunakuja kwa kuomba, baba," alimjibu. "Mwenye nyumba akiwa amefunga, hatuji."

"Na mwenye mimba?"

"Hata mwenye mimba."

Aliporudi, suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Aliketi. Tukafungua ukurasa wa matumizi ya afya, na kabla Mwenyekiti hajausoma, Mzee Luhende akakohoa.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba choo cha soko kirudishwe."

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Ndugu Luhende, si wewe uliyekitoa?"

"Ni mimi. Ndiyo maana nakirudisha mimi."

"Taratibu unazijua. Unatoa wapi?"

"Safari ya Tanga," alisema mzee. "Usafi tutajifunza hapahapa."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Diwani mmoja alisema Tanga wamekwisha kutuandalia mapokezi. Mwingine alisema safari ni haki ya madiwani, nao ni binadamu. Yuko mmoja, naomba nisimtaje kwa sababu bado tunasalimiana kanisani, ambaye alikuwa ameshanunua sanduku la safari. Mzee Luhende aliwaacha wamalize.

"Tumekatiza kikao hiki ili watu wakatafute pa kwenda," alisema. "Ninyi mmerudi na matope. Mimi nimerudi salama kwa sababu ya yule binti pale, na sikustahili. Naomba tupige kura."

Nilishika kalamu, tayari kuandika hesabu ya kura. Kama hoja ingeshindwa, lawama yote ingekuwa juu ya tangazo langu. Mikono ikaanza kuinuka. Bwana wa sanduku alikuwa wa mwisho kuinua wake, na aliuinua nusu. Mwenyekiti alihesabu, akahesabu tena, akatangaza kwamba marekebisho yamepita. Nyuma kabisa mama mmoja akasema "Wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Mwenyekiti akajifanya hakusikia, nami sikuliandika.

Kwenye muhtasari wa kikao niliandika: "Ndugu Luhende alieleza kwamba amelitafakari suala hilo upya." Mzee Mbonea angelikubali hilo.

Kikao kilipofungwa Mwenyekiti alinipita akikusanya karatasi zake. "Umeniletea jeshi," alisema.

"Walikuja wenyewe, Ndugu Mwenyekiti."

"Najua," alisema, na safari hii hakupandisha sauti. Habari ya machimboni hakuitaja tena, siku ile wala baadaye. Nilikaa miezi nikiisubiri barua. Haikuja.

Sasa, msije mkadhani kura ndiyo mwisho. Mimi na Mkurugenzi tulibeba vitabu hadi Shinyanga, tumevifunga kwenye nailoni, basi likakwama mara kadhaa kabla ya kufika Kahama na mara nyingine baada ya hapo. Mkaguzi wa bajeti aliyetupokea alikuwa bwana mkavu, miwani imeshuka puani. Alipitisha penseli nyekundu kwenye kurasa zetu kama mtu anayepalilia. Ilipofika kwenye choo penseli ikasimama.

"Choo cha umma," alisoma. "Maji ya kunawa yatatoka wapi?"

Katika mabishano yote yale, hakuna aliyekumbuka maji.

"Nimefanya kazi wakati wa kipindupindu," alisema yule bwana. "Choo bila maji mtakuwa mmehamisha minyaa tu." Akageuza kurasa nyuma, akapata mapambo ya sikukuu, akayakata nusu, akaandika kwa mkono wake kando ya choo: gata na tangi la kuvuna mvua. Kisha akapiga muhuri. Hadi leo nikisikia mtu anasema ofisi za juu hazijali, namkumbuka bwana yule na penseli yake.

Kujenga nako kukawa na mambo yake. Saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha kuombewa kibali. Matofali walichoma wananchi. Vibarua wa mkandarasi wetu walianza kuchimba shimo, na walipofika kiunoni wakakuta mwamba. Sululu zikawa zinarudi juu kama zimegonga chuma. Mkandarasi akasema kazi imemshinda, akapakia vifaa vyake. Shimo likakaa wiki nzima limejaa maji ya mvua, na bwana wa sanduku akaanza kusema alituonya.

Waliotuokoa ni wachimba dhahabu. Walikuwa wakila kwa Mama Shija, naye akawaambia, kwa namna yake, kwamba wali utaendelea kuwapo mahali penye choo. Wakaja kundi zima, na kiongozi wao, kijana mmoja aliyeitwa Manyanda, akaruka ndani ya shimo, akagonga mwamba, akasikiliza.

"Huu ni mwamba mlaini, mama," aliniambia akicheka. "Kwenye duara letu kule, huu tungeuita udongo."

Walichimba kwa moko, zile patasi zao za chuma, na nyundo, wakipokezana kama wafanyavyo kwenye duara, ndilo jina lao la shimo la dhahabu. Kila jiwe lililotoka walilipindua juani kabla ya kulitupa, na mengine waliyaweka mfukoni kwenda kuyatwanga, maana huwezi kujua. Dhahabu haikuonekana. Lakini choo cha soko letu kina shimo ambalo, nadhani, hakuna halmashauri nyingine inalo. Mwenyekiti alianza kupita kila asubuhi kutazama. Mwanzoni alisimama mbali na mikono mgongoni, halafu akawa anawaletea mafundi sigara, na mwisho alikuwa akiwaeleza wageni namna ulivyochaguliwa mteremko.

Siku ya kufungua, mvua zilikuwa zimekwisha na soko limefagiliwa. Mgeni rasmi alitoka mkoani. Utepe ulifungwa mlangoni, ngoma ilipigwa, Mzee Luhende alipewa kiti cha mbele na Mama Shija kiti cha pembeni yake. Mwenyekiti alisema kwa urefu. Mkurugenzi alisema kwa ufupi, naye siku hizo sauti haikuwa inamkatika tena. Kisha mgeni rasmi akatoa hotuba yenye kurasa nyingi, nene kiasi kwamba nilimhurumia aliyeipiga taipu.

Alikuwa bado hajafika kwenye historia ya taifa nilipoona mtoto wa muuza dagaa, kasichana kadogo, kanabana magoti na kumvuta mama yake kanga. Mama akamkonyeza anyamaze. Mtoto akavuta tena. Mama akatazama upande wa minyaa, akatazama mlango wenye utepe, akatazama mgeni rasmi, na machozi ya aibu yakaanza kumlengalenga. Watu wa karibu wakaona. Halafu wa mbele wakaona. Mwisho mgeni rasmi naye akaona, akasita katikati ya sentensi.

"Huyo mtoto ana shida gani?" aliuliza.

Aliyejibu ni Mzee Luhende.

"Ndugu mgeni rasmi," alisema, "hana shida. Amekuja kwenye choo."

Mgeni rasmi akautazama utepe, akaitazama hotuba yake. Akaenda mlangoni, akauinua utepe kwa mkono mmoja, na yule mtoto akapita chini yake mbio. Tukangoja, soko zima, kimya. Alipotoka, mama yake alimpeleka kwenye bomba la tangi, akamnawisha, na maji yakatoka.

Watu walipiga makofi hadi mtoto akajificha kwenye kanga. Mgeni rasmi akakunja hotuba yake akaitia mfukoni, akasema choo kimefunguliwa.